Saa Isiyo na Karatasi

"Haina boksi, haina karatasi," alisema Ogwang',
"ndiyo maana nakuachia kwa laki moja na ishirini."
Duka lake ni upana wa mlango mmoja na nusu
nyuma ya soko la Jubilee, Kisumu,
na kioo cha kukuzia kilimkaa jichoni
kama alizaliwa nacho.

Nilikuwa nimejifunza. Miezi minane,
baada ya zamu, miguu ndani ya karai la maji ya chumvi,
nilisoma habari za saa
kama wengine wasomavyo matangazo ya vifo.
Nikamwambia: geuza, nione mgongo.
Nikamwambia: kona hizi hazijasuguliwa, vizuri,
iache mikwaruzo yake, usiipake wanja.
Nikaiweka sikioni.
Haikugonga. Ilikimbia,
kama moyo wa kijusi chini ya pembe yangu ya mbao,
mwepesi, usiotaka kuhesabiwa.

Haina karatasi.
Hata mimi, Ogwang'.
Mama alisema nilifika kule Chwele
wakati wa palizi, mahindi yakiwa magotini,
ndiyo nikaitwa Naliaka.
Tarehe alinipa karani wa vitambulisho:
Januari mosi, kama alivyowapa
nusu ya waliopanga foleni siku ile.
Na miaka kumi na tisa sasa
ninawaandikia watoto wa wengine saa na dakika
kwa saa ya ukutani, wodi ya wazazi,
inayochelewa dakika kumi na moja, mara nyingine ishirini,
kutegemea betri na bajeti ya kaunti.

Nikalipa. Pesa ya sako, na ile ya mabati
(nyumba itasubiri, imezoea).
Dada yangu Nabwile akapiga simu:
laki nzima! Si ungepata ng'ombe wa maziwa?
Ningempata.
Nilinyamaza. Sikuwa na jibu lenye kwato.

Risiti Ogwang' aliiandika kwa biro:
"Saa moja. Imetumika."
Niliicheka njia nzima. Saa moja
ndiyo ninayotokea zamu ya usiku,
na kweli, imetumika.

Kazini siruhusiwi kuivaa.
Mikono mitupu hadi kiwiko, ndiyo sheria, na ni sheria nzuri.
Basi imo mfukoni mwa aproni, ndani ya leso, kwa pini,
inakula hatua zangu. Haina betri;
hutembea nikitembea. Ikilala siku mbili, inakufa.
Zamu zangu hazijaiachia nafasi ya kufa.

Juzi, mvua ikipiga mabati kutoka upande wa ziwa,
binti mmoja wa Nyalenda alijifungua msichana.
Nyanya wawili, kila mmoja upande wake wa kitanda,
huyu anataka Amondi, huyu Akinyi,
maana kwao jina hutoka pale mtoto alipotoka,
kukipambazuka, au kukiwa kumeshapambazuka,
na mpaka wenyewe ni uzi.
Wakanigeukia mimi.
Usiku ule nilikuwa nimeilaza kabatini, uso juu,
na mtoto alipolia niliitazama.
Mshale mfupi ulikuwa kwenye sita; nikasema kumi na mbili,
kama sote tusemavyo, tukisoma ng'ambo ya uso wake.
Mswisi aliandika lake, sisi tunatamka letu.
"Saa kumi na mbili na dakika tisa."

Wakatazamana.
Yule wa Amondi akaenda dirishani,
akasukuma pazia, akaikagua rangi ya anga,
akarudi amenuna. "Akinyi," akasema,
kana kwamba nimempunja kwenye mizani.
Sikumwambia nusu saa ilikuwa imeshapita,
kwamba anga aliyoiona haikuwa ile.

Kitabuni nikaandika dakika ya tisa.
Sikukisia.

Inachelewa sekunde nne kwa siku.
Ogwang' alisema niipeleke, ataisahihisha.
Sijaipeleka.